Gemu Jipya Katika Nyumba ya Eda

Bi Rukia amezikwa Ijumaa, na mimi nilifika Ngamiani wakati wanaume wanarudi makaburini, vumbi likiwa bado kwenye pindo za kanzu zao. Alikuwa mama wa mume wangu wa kwanza. Nimeolewa tena zamani, naishi Dar es Salaam, nina watoto wasio na damu ya nyumba ile, lakini Tima, aliyekuwa wifi yangu, alinipigia simu kabla hajawapigia baadhi ya ndugu zake mwenyewe. Akasema, "Wifi, mama katangulia," nami nikapanda basi bila kufunga begi sawasawa. Nilivua viatu mlangoni, nikaingia chumba cha wanawake, nikakaa mkekani. Baada ya dua, mama mmoja aliyekuwa akigawa kahawa akasema, kwa ile sauti ya matanga isiyo ya kulia wala ya kucheka, "Mungu amrehemu Bi Gemu wetu." Chumba kizima kikatabasamu. Wasichana wakauliza kwa nini aliitwa hivyo, naye akawaeleza kwamba marehemu, na mvi zake, aliwahi kushikwa na hamu ya gemu la kuchezea mkononi, lile jipya lililokuwa ndiyo kwanza limetoka, tena nyumba ikiwa na msiba wa mwanawe. "Mtu mzima hovyo," akasema, "lakini moyo wake mweupe." Wakacheka kidogo, wakamwombea. Mimi nikavuta shungi langu mbele, nikaomba maji ya kunywa.

Sasa nimerudi kwangu na mume wangu ananiuliza mbona sili, namwambia ni uchovu wa safari. Si uchovu. Ni aibu. Nilidhani imeshakufa, kumbe ilikuwa imejilaza tu. Waliosema mwenye kovu usidhani kapoa walinijua. Gemu lile nilianza kulitaka mimi, kizuka wa nyumba, mke wa maiti, na nimemwacha mama wa watu alibebe jina hilo mpaka kaburini. Sitaeleza nilikozaliwa wala nilivyochumbiwa, hayo kila mwanamke ana ya kwake na yanafanana. Nataka kuueleza mwaka mmoja tu, na ndani ya mwaka huo chumba kimoja.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Salim alikuwa mchuuzi wa machungwa, anayanunua Muheza na vijiji vya juu na kuyashusha Tanga. Kila siku baada ya adhuhuri alirudi na pikipiki yake, na mlio wake tuliujua kabla haujakata kona, mimi jikoni na mama yake uani, kila mtu anajifanya hakusikia ili mwenzake ndiye aende kufungua mlango. Siku moja aliacha pikipiki akapanda juu ya mzigo, kwenye lori lililokuwa likiteremka kutoka Amani, na lori likapinduka. Wachuuzi wenzake walipokuja kuzika walileta na machungwa yaliyosalimika, magunia kwa magunia, maana hawakujua walete nini kingine. Yakapangwa ukumbini. Hakuna aliyethubutu kuyala na hakuna aliyethubutu kuyatupa. Yalinukia vizuri siku za kwanza, halafu yakaanza kuchachuka, na kila aliyeingia kutoa pole alipita katikati ya harufu ile akiwa ameshika shungi puani, akijifanya anafuta machozi.

Mimi nikaingizwa eda, miezi minne na siku kumi. Wasiojua mambo ya pwani huona kama kifungo, lakini mwenye kukaa eda wakati mwingine hushukuru kuwa na mahali pa kujificha. Nilivishwa nguo nyeupe zisizo na ua hata moja. Kioo cha kabati kikafunikwa kanga, kizuka asijitazame. Wanja, hina, manukato, vyote vikawekwa mbali. Mwanamume asiye maharimu yangu haingii chumbani, nami mwisho wangu ni uani. Tima, ambaye alikuwa bado mwanafunzi, akahamishia godoro lake chumbani kwangu kwa sababu kizuka halali peke yake. Bi Rukia mwenyewe alinipikia. Asubuhi uji wa pilipili manga, mchana bada la muhogo na ng'onda, samaki wa kukaushwa, kwani aliamini kwamba mwenye huzuni asipokula kitu kizito upepo humchukua. Alisimama mlangoni mpaka nimalize. Mimi nilikula, tena nilikula vizuri, na hilo nalo lilinitia haya. Nilidhani mjane wa kweli chakula hakimpiti kooni.

Haya kubwa zaidi ilikuwa kwamba sikuweza kulia. Kuta za nyumba zile ni nyembamba, na wanawake waliokaa ukumbini walisahau kwamba kizuka ana masikio. Bi Zuhura, shangazi yake Salim, mwanamke aliyesimamia kila msiba na kila harusi ya ukoo na ambaye ulimi wake ulikuwa hauna breki, nilimsikia akisema, "Mdogo mno yule. Tangu maiti itoke sijaona chozi. Subirini tu eda iishe, mtamwona na wanja." Mwenzake akamjibu, "Usimseme hivyo, kila mtu na msiba wake." Tangu siku hiyo, kila nilipowasikia wageni wakipiga hodi, niliyapikicha macho yangu kwa ncha ya shuka mpaka yawe mekundu. Wakiingia huniona hivyo, husema, "Jikaze mwanangu," nami huinamisha kichwa. Kilichokuwa kinaniua hakikuwa na machozi. Ilikuwa ile saa ya baada ya adhuhuri, wageni wameondoka, mtaa umelala, halafu pikipiki ya mtu yeyote inapita barabarani na mwili wangu unanyanyuka wenyewe kitandani kwenda kufungua mlango.

Basi akaja shemeji Nassor kutoka Maskati, kaka mkubwa wa Salim. Hakuwahi mazishi, akasema atakaa mpaka arobaini ipite. Sikumwona uso. Alikuja kunipa pole akiwa nje ya pazia, nami nikaona miguu yake tu, viatu vya ngozi vya Kiarabu na soksi zilizochoka. Alizungumza maneno mazuri, akalia yeye badala yangu. Alipotaka kumliwaza mdogo wake Tima akampa gemu la mkononi la mwanawe, la kale kidogo, lenye rangi ya kijivu na kioo kidogo kama sanduku la kibiriti. "Chezea mpaka siku ya kuondoka," alimwambia. "Ni la mtoto, ataniua nisipolirudisha." Tima alilificha chini ya mto na mchana mmoja, akidhani nimelala, akalitoa. Nilisikia tu vibonyezo, tki tki tki, nikageuka nikauliza anacheza nini. Akashtuka nusura alitupe. Nikamwambia, "Hebu lete nione."

Ulikuwa mchezo wa matofali. Yanashuka kutoka juu, kila moja na umbo lake, nawe unayageuza na kuyapanga mpaka mstari ujae, na ukijaa unafutika. Hakuna zaidi. Lakini hayasubiri, na hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake. Tofali likianza kushuka huna nafasi ya kuwaza jingine, maana ukiwaza tu limekwishatua pabaya. Mchana ule nilicheza, na nilipoinua kichwa adhana ya alasiri ilikuwa inaadhiniwa, na sikuwa nimesikia pikipiki hata moja. Nililia hapo, kwa mara ya kwanza. Tima akadhani namlilia kaka yake. Ukweli ni kwamba nililia kwa raha, na sijui kama kuna aibu inayozidi ile, ya kizuka kulia kwa raha ya kupumzika kumwaza mumewe.

Bi Rukia alitukuta siku chache baadaye. Hakupiga hodi, alikuwa ameleta kisahani cha tende. Mimi na Tima tulikuwa tumebanana kitandani, vichwa vimegusana, na nilikuwa nimetoka kucheka. Kicheko kilikuwa bado usoni. Tima akaanza kusema ni lake, ni yeye aliyenishawishi. Mama aliweka tende, akakaa mwisho wa kitanda, akanyoosha mkono.

"Nini hiki?"

"Gemu, mama. La mtoto wa kaka Nassor."

"Wafanya nini humo?"

Nikamwonyesha. Alivaa miwani yake, akatazama.

"Na matofali haya yajenga nini?"

"Hayajengi kitu, mama. Mstari ukijaa unafutika."

"Ukijaa wafutika," akarudia. "Basi afadhali. Lete."

Tangu hapo saa ile ikawa yake na yangu. Akimaliza kusali adhuhuri anaingia na mswala wake begani, anafunga mlango, anakaa pale pale mwisho wa kitanda, na tunapokezana, akifungwa yeye nashika mimi, nikifungwa mimi anashika yeye. Mwanzoni alikuwa anainamisha mwili mzima upande anaotaka tofali liende, Tima akimcheka, naye anamwambia, "Nyamaza, mwanaharamu we, umenipoteza." Baadaye akanizidi. Alikuwa na mkono mwepesi wa mtu aliyesuka ukili wa mikeka maisha yake yote, macho yanaona nafasi kabla tofali halijageuka. Hatukuwahi kuzungumza kwa nini tunacheza. Mara moja tu, pikipiki ilipita nje wakati zamu ni yangu na yeye hana kitu mikononi, nikamwona amekaza taya na kufumba macho mpaka mlio ulipoishia mwisho wa barabara. Nikampa gemu kabla sijafungwa. Akalipokea, akasema, "Ahsante mwanangu," kama mtu aliyepewa maji.

Arobaini ikapita, shemeji Nassor akaondoka na gemu la mwanawe. Siku ya kwanza bila gemu, Bi Rukia aliingia saa yake ile ile na mswala begani, akakaa pale pale, mikono mapajani. Tulizungumza habari za mchele. Siku ya pili hakuja, akaenda kufua mashuka ambayo hayakuwa machafu. Mchana ukarudi kuwa mrefu na pikipiki za Tanga nzima zikawa zinapita barabara yetu. Hapo ndipo Tima alipoleta habari. Duka la simu la barabara ya pili kutoka kwetu, la Mwarabu mmoja mpole aliyekuwa akileta vitu vyake kutoka Dubai, lilikuwa limepokea gemu jipya, limetoka mwaka ule ule, watu wa Dar wenyewe wengi hawajaliona. Liliwekwa ndani ya kabati la kioo juu ya kitambaa chekundu. Kioo chake kipana, rangi zake kama televisheni. "Wifi, macho hayana pazia," Tima alisema, "nimesimama pale mpaka nikachelewa darasani."

Nilimwambia, "Kaulize tu." Ndivyo nilivyosema, kaulize tu, kama mtu anayeuliza bei ya shamba asilonuia kununua. Lakini moyoni nilishaanza kupiga hesabu ya ubani. Wasioujua ubani, ni kile watu wanachokitia mkononi wakija kutoa pole, kila mtu kwa uwezo wake, tajiri na muuza mihogo, wanakiacha bila kutaja. Kikitoka cha maziko na cha arobaini, kilichobaki ni cha kizuka aanzie maisha. Wa kwangu ulifungwa kwenye kitambaa na Bi Rukia aliutunza sandukuni mwake. Bi Zuhura alishatoa shauri, tena mbele za watu, kwamba linunuliwe jokofu, niuze barafu na maji ya ukwaju, nisije nikawa mzigo kwa mtu. Lilikuwa shauri zuri. Nilijua ni zuri. Nilijilaza nikaliwaza jokofu, nikaona watoto wamepanga foleni dirishani na vikombe vyao, nikaona mkono wangu ukiingia na kutoka kwenye baridi, na kila wakati, kabla sijalimaliza wazo, yakaanza kushuka matofali. Fedha ile walinipa watu ili wanifute machozi, nikajiambia. Na kama kinachoyafuta ni hicho? Kisha nikajijibu kwa sauti ya Bi Zuhura: mjane kala ubani wa mumewe kwa mwanasesere.

Tima akaenda kuuliza, akarudi akasema mwenye duka ameliondoa kwenye kabati na kuliweka kando kwa ajili yetu, kwa heshima ya Bi Rukia, tukate shauri kwa nafasi yetu. Ubani ulitosha gemu peke yake, au jokofu peke yake. Kwa jokofu na gemu kwa pamoja, tulikosa. Ilikuwa lazima kuchagua. Jioni hiyo, tukichambua mchele uani, Bi Rukia akauliza bila kuinua macho kwenye ungo:

"Tima, hilo la dukani lina matofali?"

"Lina kila kitu, mama. Lina magari, lina mpira."

"Mpira wa nini mimi? Matofali yamo?"

"Yamo, nadhani."

"Wadhani au wajua?"

"Nitauliza, mama."

"Usiulize. Nimesema tu." Akapepeta ungo wake. Mtu wa pwani akisema "nimesema tu" ameomba, na hataomba tena. Mimi nilikuwa kando yake, nilisikia, nilielewa, na nilinyamaza. Nilijiambia nangoja yeye aseme waziwazi, ili jambo liwe lake. Bila shaka naye alikuwa akingoja niseme mimi, kwa kuwa fedha ni yangu.

Alhamisi wanawake walikuja kusoma Yasini kama desturi. Mimi nilikaa pembeni, mgongo ukutani, nguo yangu nyeupe imenifunika mpaka kidevuni. Kisomo kikaisha, ikaletwa chai ya tangawizi na mkate wa kumimina, na mke wa yule mwenye duka, mtoto wa watu asiye na hila hata chembe, akasema, "Bi Rukia, mume wangu anauliza lile gemu mnalichukua lini? Maana kuna watu wamelitaka, lakini amesema la nyumba hii halitoki." Bi Zuhura akaweka kikombe chini.

"Gemu?" akasema. "Gemu gani?"

"Lile jipya, la mkononi."

"Nyumba ya kizuka? Nani mwenye mtoto hapa?" Akawatazama wote, mmoja mmoja, na macho yake yakaishia kwangu. "Mwana, wewe wajua habari hii?"

Jina langu ni Mwanahamisi, lakini wote waliniita Mwana. Nilikuwa na umri wa kuzaa, wa kuzika mume, na sikuwa na umri wa kusema neno moja. Niliwaza kwamba nikisema ndiyo, yale aliyoyasema ukumbini yatakuwa kweli, kwamba sikumlilia mume wangu, nilikuwa nacheza. Nikainamisha kichwa. Sikusema si mimi. Niliinamisha tu, na kichwa cha kizuka kikiinama watu huona huzuni. Tima alifungua kinywa. Lakini aliyesema alikuwa Bi Rukia, na alisema akimega mkate.

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ni mimi nilitakaye. Nilimtuma Tima. Nassor aliniachia lake nikalichezea, nikalipenda. Kwani kidole cha mzee hakibonyezi?"

Mtu akacheka, na mwingine, na chumba chote. Kilikuwa kicheko cha kwanza cha hadharani ndani ya nyumba ile tangu msiba. "Bi Rukia! Uzeeni?" "Loh, ajuza na gemu!" Bi Zuhura alicheka mpaka akafuta macho kwa shungi, kisha akatikisa kichwa na kusema, "Mtu mzima hovyo," na hapo hapo mtu akampa lile jina. Mama alikubali kila mzaha, akajibu kila mmoja, akaonyesha kwa vidole gumba jinsi linavyochezwa. Kilichonichoma, na kinachonichoma ninapoandika, ni kwamba hakusema uongo. Alilitaka kweli. Alichukua hamu yake ya siri, ile aliyoiulizia juu ya ungo uani, akaitoa mbele za watu ichekwe ili yangu isionekane. Wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Yeye alikuwa amemwosha kizuka wake akiwa hai, na mimi nilikaa nimefunikwa mpaka kidevuni, nikamega mkate, nikala.

Kesho yake baada ya adhuhuri aliingia chumbani, mswala begani, na kitambaa cha ubani mkononi. Alifunga mlango. Nilidhani atanilaumu na nilikuwa tayari kulaumiwa, laiti angefanya hivyo. Alikaa mahali pake, akaweka kitambaa katikati yetu, na alikuwa anatabasamu.

"Haya," akasema. "Jina nishapewa, nalo halitoki. Sasa tulikalie jina bure? Aibu nishaila mimi, nimeshiba. Limebaki gemu. Tima akitoka shule aende akalilete, waseme la Rukia, nalo tutalifunga hapa ndani, mimi na wewe."

Ningesema ndiyo tu. Hakuna mtu aliyewahi kunipa jambo rahisi kuliko hilo. Njia ilikuwa imeshafyekwa, miiba ameikanyaga mwingine. Lakini nilikuwa nimekesha nikivisikia vile vicheko, na kila nilipovisikia nilijiona mimi ndiye ninayechekwa, na nikaapa kwamba kitu kile hakitakanyaga chumba changu. Nilimwonea haya yeye pia, nilishindwa kumtazama, na haya ikizidi hugeuka ukali. Nikasema, kwa sauti ya mtu mwema:

"Mama, mimi si mtoto. Fedha ya ubani si ya michezo. Nunueni jokofu."

Tabasamu lake halikuondoka mara moja. Lilikaa kidogo usoni, halina kazi.

"Una hakika?"

"Nina hakika, mama."

"Na hii saa?" akauliza polepole. "Saa hii ya baada ya adhuhuri, twaifanyaje?"

Nilijua anauliza nini. Alikuwa ananiambia kwamba naye anaisikia ile pikipiki. Nikamjibu, "Nitakuwa nasoma Kurani."

Mtu akikwambia hivyo utamjibu nini? Nilimfunga mdomo kwa Kitabu, mwanamke aliyekuwa akisali kabla mimi sijazaliwa. Akasema, "Naam. Kusoma ndiyo bora," akaokota kitambaa, akanyanyuka kwa kushika goti.

Jokofu lilinunuliwa, na nisidanganye, lilitufaa. Nilipotoka eda niliuza barafu pale dirishani mpaka nilipoolewa tena, na Bi Zuhura alinisifu kila penye mkusanyiko wa watu, akiwaambia wajane wadogo wanitazame mimi, nilivyokuwa na akili, nilivyokataa upuuzi ambao hata mkubwa wangu ulimshinda. Nilizipokea sifa zile. Bi Rukia akiwepo alikuwa anaitikia kwa kichwa. Kurani niliisoma siku za mwanzo, kisha nikawa nalala tu, na upande wa pili wa ukuta nilimsikia mama akitembea, akihamisha vyungu, akikwangua sufuria lililokwisha kung'aa, kila siku saa ile, mpaka alasiri. Tulikuwa wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja anamsubiri Salim peke yake.

Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na safari ya dukani. Mwenye duka alikuwa amekiweka kitu kwa jina lake, na Bi Rukia hakuwa mtu wa kumwacha mwenziwe akae na mzigo. Nilimwambia, "Mtume Tima," akasema la, neno amelitoa yeye, atalirudisha yeye. Akavaa buibui mchana ule ule. Nilisogeza pazia la dirisha kidogo, nikamwona akishuka barazani na kukata barabara kwenye jua kali. Mbele ya mlango wa fundi cherehani walikaa wanawake wawili waliokuwepo kwenye kisomo. Walimwita, wakamtania, akasimama, akajibu kitu kilichowafanya wapigane viganja, akaenda zake. Hakukawia. Aliporudi Tima alikuwa ameshafika, akamkimbilia, bado ana tumaini la mtoto, akamtazama mikono.

"Mama, hukulichukua?"

"Nimemwambia silitaki tena."

"Akasemaje?"

"Kaniuliza, 'Kulikoni Bi Rukia, si ulilipenda?'" Alikuwa anafungua kifungo cha buibui shingoni, kifungo kinamshinda, na hakutazama upande wangu. "Nikamwambia, nimekua."